Tumbili, koti la shemeji na ule msitu wetu wa Sirisia

Wakuu, salamu kwenu. Chumvi sitatia, maana mke wangu naye husoma humu.

Mimi ni wa Kachibora, kwa zile familia zilizotoka central. Miaka ya 2000 na kitu nilikuwa na nursery ya miche Kitale, na nikaoa Sirisia, huko Bungoma.

Baba mkwe alikuwa na kipande kando ya mto, maji yanatuama, mahindi yanageuka manjano. Nikamshawishi tupande miti ya kienyeji, mirembe na mivule. Akakubali shingo upande.

Wakuu, ile miti ilishika! Ndege wakaja, mizinga ikajaa asali. Mzee akawa anatembeza wageni huko kama waziri.

Halafu tumbili wakahamia. Wanavunja hindi, wanaonja, wanatupa, wanavunja lingine.

Mzee akanipigia simu. "Mkwe, hiyo project yako ilinipea asali, sasa inanikulia ugali. Jumamosi nakata yote nichome makaa."

Roho iliniuma sana. Nikafunga safari kumsihi.

Sasa, mambo mawili lazima myajue. Tumbili hawaogopi mwanamke. Atapiga kelele mpaka sauti ikauke, wao wanamtazama tu wakitafuna. Wakiona mwanaume, mbio.

La pili, kwa Wabukusu, watu wa mke wangu, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Mkono hampeani, na mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Kwetu mama mkwe mnakunywa chai naye mkicheka, kwa hivyo mimi hii nilikuwa bado najifunza.

Nilipofika nikapitia shambani. Nikamwona shemeji Wafula, koti lake refu na kofia, amenipa mgongo akirushia tumbili mawe. Nikanyemelea, nikamkumbatia kwa nyuma, nikamwinua juu. "Shemeji, siku hizi hukuli?"

Akageuza uso. Alikuwa mama mkwe.

Kumbe Wafula alikuwa ameenda Bungoma mjini kutafuta kazi, na mama akavaa nguo zake ili tumbili wadanganyike.

Alipiga nduru mpaka tumbili wote wakatoroka. Akajifunika uso na koti, akaingia msituni mbio. Mimi nikakimbilia upande wa mto nikaanguka kwa matope. Aibu niliyosikia, wakuu, nilitaka kurudi Kitale na hayo matope yangu.

Mama alikataa katakata kutoka kwa miti mpaka nikaingizwa nyumbani.

Jirani mzee akaitwa, akasema nilete mbuzi ya kuondoa hiyo aibu. Nikakubali haraka. Halafu nikaanza kuombea miti.

"Mbuzi ni ya aibu," baba mkwe akasema, akinoa panga. "Miti ni ya Jumamosi."

Ndipo sauti ya mama ikatoka nyuma ya ukuta wa jikoni.

"Baba Wafula, ukikata hiyo msitu, siku ingine huyu mtu akikuja nitajificha wapi? Kwa sukuma wiki?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Panga ikarudi darini.

Mahindi tukahamishia juu karibu na nyumba, na msitu umesimama mpaka leo.

Funzo langu: ukitaka watu watunze msitu, usiwahubirie mvua na ndege tu. Mwenye boma lazima aone unamfaa yeye mwenyewe.

Mliooa Bungoma, leteni yenu hapa. Na anayejua dawa ya tumbili atuambie, bana, mama amezeeka na bado anarusha mawe.