Mkwe Aliyeganda Kwenye Kompyuta

Siku niliyoposa, baba wa mchumba wangu aliganda.

Sio kwa mshtuko, jamani. Aliganda kwenye kompyuta yangu: mdomo wazi, jicho moja limefumba, kama mtu anayesubiri chafya.

Mzee anaishi mbali na hataki kuletewa maneno na watu. Alisema nimwambie mwenyewe, kwa video. Nikajikaza kisabuni.

"Baba, naomba nimuoe binti yako."

Hapo ndipo alipoganda. Kisha simu ikakatika.

Hasira zote nikazipeleka kwa kidude cha waifai nilichochomeka kwenye kompyuta. Boksi lake limeandikwa spidi 1200 kwa maandishi makubwa kuliko jina la kampuni. Nilipopima spidi, haikufika hata thelathini!

Nikamwita dada yangu, fundi wa kompyuta, mwenye mdomo kama wembe.

"Nimetapeliwa," nikamwambia.

"Umesoma boksi kwa mahaba," akajibu. "Hiyo 1200 wamejumlisha njia mbili za mawimbi, na wewe unatumia moja tu. Tena wanapima kidude na ruta vikitazamana, hakuna ukuta, hakuna jirani. Na kasi nyingine inaliwa na mazungumzo ya kidude na ruta vyenyewe kabla hata sura yako haijapita."

Akakichomoa kwenye tundu la kizamani nyuma ya kompyuta, akakichomeka kwenye la mbele, lenye kasi.

"Ruta iko wapi?"

Nikaangalia dari kwa aibu. Kwetu, kitu chochote cha thamani mama hukifungia kwenye kabati la chuma: sahani za wageni, pasi, mpaka mwavuli. Ruta ilikuwa humo, imefunikwa kitambaa.

"Si waya nimeupitisha nje?" mama akajitetea. "Na intaneti si inatoka?"

"Inatoka, mama. Ila inachechemea," dada akamjibu.

Mama alitoa funguo kwa mbinde. Tukaiweka ruta juu ya meza, spidi ikapanda hadi mia tatu na kitu. 1200 sikuiona, lakini kwa video inatosha na kubaki.

Kesho yake nikapiga tena. Picha safi, mvi za mzee unaziona moja moja. Tukasalimiana, tukataniana, nikarudia ombi langu.

Mzee akaganda. Mdomo ule ule. Jicho lile lile.

Nilitaka kulia. Dada, aliyekuwa pembeni yangu, alishanyoosha mkono kwenye kidude.

Mara mchumba wangu akapita nyuma ya baba yake na ufagio. Akasimama, akamtazama.

"Baba, mbona umekaa hivyo?"

Jicho likapepesa. Dada alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Mzee hakucheka. "Nikisema ndiyo," akasema taratibu, "mimi humu ndani nitabaki na nani?"

Roho iliniuma. Nikafungua mdomo nimwahidi kwamba tutakuja kila wiki. Macho yangu yakaangukia lile boksi la 1200 mezani.

"Kila wiki sitaweza, baba. Ni mbali. Kila mwezi tutakuja, na tutalala."

Safari hii nilimwona akipumua.

"Ungesema kila wiki," akasema, "ningeganda tena. Haya, mchukue."

Kwa hiyo wewe unayegombana na kidude chako, kwanza angalia ruta imefungiwa wapi. Na siku ukienda kuposa, taja ile spidi utakayoifikisha kweli.