Mpira wa Verna

Verna Bighetty aliwapikia watoto wa shule hapa La Ronge, mji wetu mdogo wa kaskazini, miaka kumi na tisa, kisha akachoshwa na masufuria, akajifunza kuendesha lori la magogo akiwa na miaka hamsini na moja. Sisi madereva wenzake tulimtania kidogo tu, maana alijicheka mwenyewe kabla yetu.

Kitu alichotoka nacho jikoni ni usafi. Lori lake lilikuwa kuukuu. Ringi za pistoni zilikuwa zimechoka, hivyo moshi ulipenya hadi chini kwenye oili, ukatokea kwenye bomba la kupumulia la injini pamoja na matone meusi. Sisi wengine tuliyaacha yadondoke. Verna hakuweza. Kila alipoegesha kanisani, theluji ilibaki na doa, na dada yake Lorraine hakunyamaza: "Lori lako limejikojolea tena."

Basi Desemba akaunga mpira mrefu kwenye lile bomba, akaupitisha chini ya fremu hadi kwenye kopo la rangi alilolifunga kwa waya. Madoa yakakoma. Akatembea kifua mbele.

Katikati ya Januari baridi ilifika nyuzi arobaini na mbili chini ya sifuri. Asubuhi hiyo nilikuwa nyuma yake, tukipeleka magogo kiwandani, nikamwona anasimama ghafla kando ya barabara. Nilipomfikia alikuwa ameshazima injini na kufungua boneti. Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimeruka kutoka mahali pake, na ubavu mzima wa injini uling'aa kwa oili.

"Nimeiua, Alphonse," alisema taratibu.

Nilijilaza chini, nikaushika mpira wake. Ulikuwa mgumu kama chuma.

"Umeiziba pua, dada. Ile pumzi ina unyevu, umegandia humu. Injini imekosa pa kupumulia, ikatapika oili."

Aliinama kuutazama ule mpira. "Kwa hiyo ni usafi wangu."

"Ni usafi wako."

"Usimwambie Lorraine."

"Nitaanza na Lorraine."

Alicheka hadi machozi yakamgandia kwenye kope. Nilipotoa msumeno akaninyang'anya. "Lete hapa. Niliuweka mimi." Akaukata mpira juu kabisa, karibu na injini. Tukarudisha kijiti, tukajaza oili yangu yote ya akiba, akawasha. Pale alipokata pakatoka mvuke mweupe, na sindano ya presha ya oili ikapanda hadi mahali pake.

Lakini sili ya nyuma ya injini, ile pete ya kuzuia oili isitoke, ilikuwa imesukumwa, inavuja. Alinifuata polepole hadi gereji ya mjini, lori likakaa siku tisa. Fundi alimwambia wazi kwamba injini ile imebakiza majira mawili ya baridi, pengine moja.

"Nimekusikia," alisema Verna, na siku zile tisa akalala, akacheza bingo, akawapikia mafundi supu ya nyama ya paa mkubwa wa huku. Siku ya kumi alitangulia barabarani na lori lile lile kabla sijamaliza kahawa yangu.