Sufuria ya Natalia

Asubuhi ile nilikuwa juu ya kombaini, katikati ya mavuno ya ngano, dereva wa lori la nafaka aliposimama pembeni na kunipungia kofia. Alikuwa ametoka Dongobesh.

"Nyumbani wanakuita," alisema. "Mtoto amevimba tena."

Mtoto ni Natalia, binti yangu wa miaka mitano, mgonjwa wa figo. Mara ya kwanza alipovimba, daktari alituambia akizidiwa tena tunaweza kumpoteza. Msimamizi aliniruhusu kwa shingo upande, maana wakati wa mavuno shamba la serikali halijui msiba wala harusi. Niliondoka na vumbi langu mwilini.

Kijiji cha Hirbadaw tulikipita mchana, mimi nikiwa juu ya magunia ya lori lile. Uwanda wa ngano ulibaki nyuma, mtupu, bila nyumba wala mti. Nililia kidogo. Hapakuwa na wa kuniuliza.

Dongobesh niliingia jioni, nikaomba malazi kwa mzee Rajabu, mwenye duka tunakonunua mahitaji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Na makapi yote hayo, umeacha ngano yoyote shambani?"

Nilipomweleza habari za mtoto aliacha utani.

"Dawa anameza?"

"Anameza. Na chumvi alikatazwa, hajaionja tena."

"Basi Mungu atasaidia," alisema, akanifungia sukari kwenye kipande cha gazeti nimpelekee. Sukari ilikuwa adimu siku hizo, wala hakutaka hela yangu.

Nambis, kijijini kwetu, nilifika kesho yake, nikawakuta wanakula. Mama yangu, mke wangu Veronika na watoto wengine walizunguka sinia moja karibu na moto. Natalia alikuwa mlangoni peke yake na sufuria yake ndogo, macho yamefunikwa na uvimbe. Ndivyo tulivyopanga mwaka mzima, asije akachota chakula chenye chumvi.

"Hata chembe, Baba Natalia," Veronika alisema kabla sijauliza. "Namlinda kama yai."

Alfajiri tulipata gari la parokia mpaka hospitali ya misheni. Njiani Veronika alimpakata mtoto. Kila mmoja alikuwa na hofu yake.

Wodini muuguzi mmoja mama mtu mzima alimbonyeza Natalia mguuni, akatuuliza anakula nini.

"Ugali na maharage. Bila chumvi," Veronika alijibu.

"Maharage mnayalainisha na nini?"

"Magadi tu, sista. Kama watu wote."

Kwetu magadi yanatoka ufukoni mwa ziwa Balangida, na hakuna jiko lisilokuwa nayo. Muuguzi hakugomba. Alisema taratibu kwamba magadi kwenye figo hizo ni chumvi ile ile kwa jina lingine. Veronika alikaa chini sakafuni. Hakuna mtu aliyewahi kutukataza magadi, na sisi hatukuwaza kuuliza.

Mchana chakula cha wodi kilikuja. Nilinawa, nikanyoosha mkono nile na binti yangu. Natalia alivuta sahani kwake.

"Hapana, baba. Hiki ni cha mgonjwa."

Nilimega tu tonge, nikala naye, huku akiniangalia kwa wasiwasi kama nitaugua.

Siku yangu ya kuondoka daktari alisema uvimbe umeanza kushuka na kuna matumaini, ila atabaki wodini na mama yake kwa muda mrefu. Nilirudi Nambis peke yangu, nikamwambia mama kwamba Natalia akitoka kila mtu atakula chungu kimoja, bila chumvi wala magadi.

"Na meno yangu haya yatatafuna maharage mabichi?" aliuliza. Kisha akatazama rundo la kuni karibu na moto. "Basi tutayachemsha sana. Kuni zipo."

Sasa niko shambani tena. Jioni wenzangu wanacheka na kula pamoja, nami najipikia maharage yangu pembeni kama yale ya wodini, ili nizoee kabla hajarudi. Hayana ladha, na kula peke yako kunayazidishia ubaya. Nilichojifunza katika safari ile ni kidogo na kinaniuma: mwaka mzima tulimpikia Natalia chakula chake, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukionja.