Fundi wa Vifungo

Mpiga pasi wa karakana ya sare alikuwa na kinyongo na fundi wa vifungo. Wenzake wote waliingia alfajiri; mama huyu aliingia jua limeshapanda, maana alikubaliana na bosi ampeleke kwanza baba yake kwenye mazoezi ya miguu. Akifika hulamba ncha ya uzi, huimba kwa pua, na jioni watu wakikimbilia mlangoni, yeye humalizia makoti ya wenzake bila kuombwa.

"Mteule huyo," mpiga pasi alinung'unika.

Mkewe alipojifungua mapacha, mpiga pasi akawa anasinzia juu ya pasi.

"Shemeji, kaongee na bosi," fundi alimwambia. "Hang'ati."

"Atanifukuza!"

"Nenda, kabla hujaunguza shati la watu."

Akaenda, akatoka meno yote nje: mwezi huu ataingia mchana. Akamkuta fundi kwenye meza ya pasi, anahangaika kumnyooshea kola.

"Hiyo unainyoosha au unaipika?" mpiga pasi aliuliza.

Karakana nzima ikaangua kicheko.

"Toka hapa, Baba Mapacha, ukalale!" fundi alimwambia.

Akafika mlangoni, akarudi, akamshika fundi mkono kumwonyesha kola inavyogeuzwa.