Malai Yaliyogeuka Siagi

Mwanangu, kabla hujaenda kuoa, keti nikuambie. Nakumbuka siku moja, nikiwa bado mke mpya pale Tinde, bibi yako mzaa baba alipokuja kututembelea kwa mara ya kwanza kutoka Kishapu. Nilijua hakunitaka, alikuwa amemchagulia mwanawe binti wa jirani yake.

Baba yako alikuwa mpishi kwa Wazungu wa mgodini, na alivyojivunia jiko lake, Mungu amrehemu! Alileta kopo la stroberi, akasema, "Leo mama atakula wanachokula mabwana." Nikaengua malai juu ya maziwa yaliyolala, nikatia sukari, nikaanza kuyapiga kwa uma yawe povu zito la kumwagia stroberi. "Ukiona yamesimama, acha," akaniagiza, kisha akaenda kumpokea mama yake.

Yakasimama, meupe na mazito. Lakini mimi ni binti wa Kisukuma. Kwetu kibuyu cha maziwa husukwa mpaka siagi itoke, na anayeishia njiani huitwa mvivu. Siku ile ya kuonwa na mkwe, niitwe mvivu? Mazoea yana taabu, mwanangu. Nikapiga, nikapiga, mara bakuli likajaa mabonge ya siagi yakielea kwenye maji meupe.

Baba yako aliingia na mama yake, akaona, akaanza. Eti sisikii, sijui kupika, nimemwaibisha. Alisema, akasema tena, mama yake amekaa palepale. Machozi yakanitoka. Nikajua leo narudishwa kwetu.

Bibi yako akachota siagi kwa kidole, akaonja.

"Ng'wanone, mwanangu," akamwambia mwanawe, "mkeo kapitiliza mkono, nawe unapitiliza mdomo. Siagi hii tutaipaka kwenye viazi. Haya maneno yako tutayapaka wapi?"

Baba yako akaenda kuleta viazi. Tukala viazi kwa siagi yenye sukari, na stroberi tukazila kwa mikono. Tangu siku ile nilimpenda yule mama kama aliyenizaa.

Basi, mwanangu, mkeo atakosea. Sikuambii usimwonye. Mwonye mkiwa wawili, useme mara moja, kisha ukome, hata kama bado una la kusema. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mungu akujalie maziwa nyumbani, na mke asiyeogopa kukusikia ukibisha hodi. Nenda, baba, kaoe.