Kompyuta Iliyokaa Darini

Siku moja kabla ya kumzika mkewe, Rogath alikaa chumbani na bisibisi, akaifungua kompyuta, skrubu akaziweka kwenye kisahani cha chai. Nje, kwenye migomba, wanaume walikuwa wakifunga turubai. Wanawake walimenya ndizi na kuongea kwa sauti ya chini. Ilikuwa Juni mwaka 2003, na Kirua Vunjo yote, huku mlimani juu ya Moshi, ilikuwa ndani ya ukungu.

Nilifika asubuhi kutoka mjini nikiwa na diski ya Windows 98 kwenye mfuko wa shati. Rogath alikuwa ameniagiza kwa simu ya padri, mimi niliyejifunza kupiga chapa kwake.

"Shikamoo, mzee. Pole sana."

"Marahaba. Diski umeleta?"

Nikampa. Aliigeuza kwenye mwanga, akaitazama kama ina mikwaruzo, akaiweka mezani.

Rogath Mariki alikuwa karani wa ghala la kahawa Moshi mjini, mpaka wanunuzi binafsi walipoingia na makarani wakaambiwa hawahitajiki tena. Wengine waliopunguzwa pamoja naye walinunua pikipiki, wengine walinunua pombe. Yeye alinunua kompyuta ambayo ofisi fulani ya Ulaya ilikuwa imeichoka, akapanga fremu ya duka mtaa wa Soweto, hapo hapo Moshi, akawa mpiga chapa. Aliandika barua za kuomba kazi ambazo hazikuwepo. Lakini hasa aliandika historia fupi za marehemu, zile zinazosomwa kaburini.

Katika miaka ile kazi hiyo haikukauka. Kila Ijumaa watu walimjia na karatasi zilizokunjwa: amezaliwa, amebatizwa, amepata kipaimara, ameoa, aliugua kwa muda mrefu, ameacha mjane na watoto. Alikuwa na faili moja lililoitwa Marehemu, akibadilisha majina na tarehe tu. Nasema bila kuficha kwamba tulikizika kizazi kizima kwa faili moja. "Aliugua kwa muda mrefu" ilitosha, na hakuna aliyesimama kuuliza ni ugonjwa gani, wala kwa nini dawa ziko Nairobi na wagonjwa wako kwetu. Rogath naye hakuuliza. Alipiga chapa.

Mkewe Hilda alipopatikana na saratani, Rogath alifunga fremu na kuileta mashine nyumbani ili akae karibu naye. Kwa wakati ule ilikuwa tayari inajiburuta. Mpwa wake Jesse, mwanafunzi wa Dar, alipopanda mlimani Krismasi kama Wachagga wote, alikuwa amemwekea Windows mpya kama zawadi. Mashine ya zamani haikuwa na kumbukumbu ya kuibeba. Ilianza kusuasua, na sasa ilikuwa inaishia kwenye picha ya kuwakia, hapo hapo, hata ungeisubiri hadi jioni. Dawa ilikuwa moja tu: kurudisha Windows ya zamani. Na hilo lilihitaji kisomea diski.

Kisomea diski kilikuwepo, lakini mashine haikukiona. Rogath aliwasha, akasoma maandishi meupe kwenye skrini nyeusi. Diski kuu, ile iliyomo ndani ya mashine, ilitajwa. Kisomea diski hakikutajwa.

"Kimekufa," nilisema.

"Bado." Alibonyeza kitufe, sahani yake ikatoka, taa ya kijani ikawaka. "Umeme unafika. Kinachokosekana ni mawasiliano."

Kornel, kaka yake aliyekuwa akisimamia msiba, aliingia na buti zenye tope.

"Rogath, ratiba ya misa iko tayari. Imebaki historia tu. Nipe maelezo, kijana ashuke nayo mjini, kule steshenari za kupiga chapa ziko kila kona."

"Nitaandika mwenyewe."

"Andika kwa mkono basi! Mimi nitasoma."

"Nimeshika kalamu tangu jana. Haiandiki."

Kornel alielekea mlangoni, akageuka. "Padri anakuja kesho saa nane," alisema. "Hilda hawezi kuzikwa bila historia, kama mtu aliyeokotwa."

"Najua."

Alipotoka, Rogath alibadilisha plagi ya umeme ya kile kisomea, akawasha tena. Hakikutajwa. Aliingia kwenye mipangilio ya mashine, akaiambia itafute yenyewe. Ilitafuta, haikuona. Alifanya yote hayo kwa mwendo ule ule, bila kukunja uso. Nilitamani apige meza walau mara moja. Mimi ningepiga.

Dominika, dada mkubwa wa Hilda, alileta mtori, supu ya ndizi na nyama, kwenye bakuli. Alisimama akinusa.

"Mbona linanuka moshi hili dude?"

"Lilikuwa darini," alisema Rogath.

"Darini! Juu ya jiko?"

"Mama Mathew alilipandisha. Masika, chumba kilikuwa na unyevu."

Dominika aliweka bakuli chini. Sisi wa mlimani tunalijua dari. Juu ya jiko, penye moshi, ndipo mbegu ya mahindi inapokaa isiliwe na wadudu, na kahawa ikauke vizuri, na ndizi ziive. Kitu cha thamani unakipandisha darini. Hilda, ndiye huyo Mama Mathew, akiwa bado anaweza kupanda ngazi, aliifunga kompyuta kwa kanga yake nzuri, akaiweka kati ya gunia la kahawa na mahindi ya mbegu.

"Na panya je, shemeji?" aliuliza Dominika. "Mahindi yalipo, wewe ulidhani wanakuja kusali?"

Rogath aliuacha mtori. Aliipindua mashine, akachomoa kisomea chote kwenye nafasi yake, akaingiza vidole nyuma ya boksi la umeme, mahali ambapo waya bapa wa mawasiliano ulikuwa umekunjwa. Akauvuta. Kwenye mkunjo ulikuwa umetafunwa, nyuzi tatu nne zimebaki wazi. Nyuma yake kulikuwa na kiota cha maganda ya mahindi na nyuzi za kanga, nyekundu na nyeupe.

Alikitoa kile kiota kwa uangalifu, akakiweka dirishani. Hakukitupa.

"Waya mwingine hatuna," nilisema. "Nishuke mjini?"

"Upo." Waya wa diski kuu ulikuwa na kichwa cha pili kilichokuwa hakitumiki. Alikichomeka kwenye kisomea, kisha kwa kibanio cha nyusi cha Hilda akahamisha kipini kidogo kilichoko nyuma yake, ili vifaa viwili kwenye waya mmoja visigombanie nafasi. Akafuta masizi kwenye jicho la kusomea kwa pamba na spiriti iliyobaki baada ya sindano za mgonjwa. Akawasha.

Vyote viwili vikatajwa.

"Mzee, imekubali!" nilipiga kelele, mpaka wanawake huko nje wakanyamaza. Niliona aibu.

Yeye aliingiza diski. Mashine ikauliza kama ifute kila kitu, maana Windows ya zamani haiwezi kusoma diski kuu iliyopangwa na ile mpya.

"Lile faili la Marehemu litapotea," nilimwambia.

Kidole chake kilikaa juu ya kitufe. "Nakala iko fremu?"

"Mimi sijui, mzee."

"Haipo," alisema, akabonyeza.

Mchana wote mashine ilijiandika upya. Ilipomaliza, kulikuwa na ukurasa mweupe, hauna "amezaliwa", hauna "ameacha". Rogath alivuta kibodi karibu. Nilitoka nje kuwasaidia waliokuwa wakichimba kaburi. Jioni nilisikia printa yake ya riboni ikikwaruza.

Kesho yake Kornel alisimama kaburini, kwenye kihamba, shamba la ukoo, akafungua karatasi na kusita.

"Hilda aliweka kompyuta yangu darini ili isiharibike," alisoma. "Panya wakala waya. Nimeutengeneza. Alikuwa akitunza hivyo kila kitu tulichokuwa nacho. Alikufa kwa saratani ya kizazi. Ilianza kutibiwa tukiwa tumechelewa."

Watu walitazamana. Dominika alicheka kwa sauti ndani ya kanga yake, halafu akalia. Padri aliinamisha kichwa. Nilikuwa sijawahi kusikia ugonjwa ukitajwa kaburini kwa jina lake, na sijasahau.

Rogath alisimama mikono mfukoni, kama mtu anayesubiri gari.

Jioni wageni walipopungua, nilimkuta anaifunga kompyuta kwa ile kanga iliyotobolewa.

"Unarudi nayo Soweto, mzee?"

"Jumatatu."

Aliibeba hadi jikoni, akaegemeza ngazi, akaanza kupanda.

"Mzee, huko kuna panya."

"Najua," alisema, akaisukuma taratibu mpaka ikagusa gunia la kahawa, pale pale Hilda alipoiweka.