Kwenda India na Begi la Kurudi Tanga

Wanaoniuliza kwa nini nilikwenda India huwa nawajibu kwamba nilipelekwa, kwa sababu mpaka siku ya kuondoka sikuwa na hakika kama naenda kutembea au nafukuzwa kazi. Mwenye safari alikuwa Bi Rukia, mama yake madam wangu. Ni mzee wa Unguja aliyehamia Dubai zamani. Nyumba yao iko mtaa wa Mirdif, na ndiko ninakofanya kazi. Kazi yangu kubwa ni kumwangalia yeye. Katika usichana wake huko Unguja alikuwa haikosi sinema ya Kihindi, na nyimbo zake anaziimba mpaka leo bila kujua zinasema nini. Alituambia amewasikia Wahindi wakilia kwenye nyimbo maisha yake yote, sasa anataka akayaone hayo majumba waliyokuwa wakilia ndani yake.

Binti yake, Madam Salma, akakata tiketi mbili, ya mama yake na yangu, za ziara ya kuongozwa: Delhi, Agra, Jaipur, na mwisho mbuga ya chui milia. Halafu akafungua kabati lake, akatoa pasipoti yangu, akanipa mkononi. Akaniambia nikae nayo mwenyewe, akaendelea na simu yake.

Hapo ndipo akili yangu iliporuka. Tangu nianze kazi, pasipoti ile ilikuwa inalala kwenye kabati la madam. Tena wiki hiyohiyo alikuwa amekuja mwanamke mmoja mwenye sare kama ya nesi, akaingia chumbani kwa Bibi, akapima bafu kwa futi, akaniuliza Bibi anatembeaje na nani humwogesha. Nilimjibu yote kwa adabu. Nikajua mtu wa kushika nafasi yangu amepatikana. Nakato, Mganda anayefanya kazi nyumba ya pili, ndiye aliyenimaliza kabisa. Alisema anamjua dada mmoja aliyeambiwa anapelekwa matembezi, kufika uwanja wa ndege akapewa tiketi ya kwao ya kwenda bila kurudi.

"Wakikupa pasipoti mkononi, khalas, dada," aliniambia. "Funga kila kitu chako. Usiwaachie hata kijiko."

Nikafunga kila kitu. Blanketi zito nililomnunulia mama, seti ya sufuria, viatu vya watoto wa dada yangu, kanga, manukato, sabuni, hata pasi ndogo. Begi likavimba mpaka nikalikalia ndipo zipu ikafunga. Nikalizungushia utepe wa gundi, kama tufanyavyo wote tunaorudi makwetu, na ubavuni nikaandika kwa kalamu nene: MWANAHAWA, TANGA.

Asubuhi ya kuondoka, dereva alilibeba lile begi akiguna. Madam Salma aliliangalia, kisha akamwangalia mama yake. Bibi aliyasoma maandishi polepole, akavuta buibui lake vizuri, akaingia garini. Hakuna aliyesema neno. Watu wa Unguja kumuuliza mtu jambo usoni kwao ni kama kumvua nguo, na sisi wa Tanga hatuko mbali nao. Nami nikanyamaza. Niliogopa mambo mawili kwa pamoja: mama yangu kule Tanga anakula kwa kazi hii, na Bi Rukia nimemzoea kiasi kwamba hata kikohozi chake nakijua kipi cha homa na kipi cha kuniita.

Uwanja wa ndege nilisubiri nipewe tiketi yangu ya Dar es Salaam. Sikupewa. Nikapanda ndege ya Delhi pamoja na Bibi, nikakaa kiti cha dirishani, na nikabaki sielewi. Tulipokuwa juu ya bahari nikajitafutia jibu jingine: basi hawa ni waungwana, wananipeleka matembezi ya kuniaga, tukirudi ndio wananipandisha ya kwetu. Jibu hilo likanikaa, na ndilo nililotembea nalo India nzima.

Delhi tulipokewa na kiongozi wetu, Bwana Pratap, mtu mnene mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri, anayeongea Kiingereza cha haraka. Akasema, "Karibu, madam." Nikageuka nyuma kumtafuta huyo madam. Alikuwa ananisemesha mimi. Halafu akaliona begi langu, akauliza kama tunahamia. Yeye na dereva wakaliinua kwa pamoja, na tangu siku hiyo kila tulipofika hotelini nilisikia aibu kabla gari halijasimama.

Ngome Nyekundu ya Delhi ina kuta ndefu kuliko nilivyodhani ukuta unaweza kuwa, rangi yake kama udongo wa njia za Muheza. Ndani mna ukumbi wa nguzo ambamo mfalme alikaa juu na watu wakasimama chini kusema shida zao. Tulipofika kwenye mifereji ya marumaru iliyopita kati ya vyumba vya kifalme, Bwana Pratap alieleza kwamba maji yalipita humo kupoza joto. Bibi aliuliza nani alikuwa akiisafisha. Bwana Pratap alisema hilo halikuandikwa. Bibi akanitazama mimi, tukacheka, na kwa muda mfupi nikasahau mambo yangu.

Mchana tulikula kwenye mkahawa. Nilisimama nyuma ya kiti cha Bibi, nikiwa tayari kumpakulia. Mhudumu akanivutia kiti. Mimi nikamshukuru, nikabaki nimesimama. Yeye akabaki amekishika kile kiti. Watu wa meza ya pili wakaanza kututazama, mpaka Bibi akasema nikae, chakula kinapoa. Nilikaa nusu ya matako. Wali ulikuwa mzuri, mchuzi una hiliki na mdalasini kama wa kwetu, lakini sikuujua utamu wake. Nilikuwa nahesabu kila wema kuwa ni wa kuagana.

Agra tulifika kwa gari, barabara ndefu ya mashamba ya haradali yaliyochanua njano pande zote mbili. Taj Mahal mmeiona kwenye makalenda, na kalenda haikudanganya. Ni nyeupe hivyohivyo, ila hapo penyewe inabadilika rangi kila wingu linapopita. Tulivaa mifuko juu ya viatu, tukaingia ndani na umati uliokuwa ukisukumana. Watu walikuwa wakinyoosha shingo kutazama nakshi za maua ya mawe. Bibi alipofika mbele ya kaburi la yule mke wa mfalme, alisimama, akainua mikono, akamsomea Fatiha. Umati ukagawanyika kutupita. Nikaitikia amin. Alisema masikini, wote hawa wanakuja kutazama marumaru, na mwenyewe kalala hapo anangoja dua.

Kutoka hapo tulikwenda Ngome ya Agra. Huko ndiko mfalme aliyeijenga Taj alikofungwa na mwanawe wa kumzaa, akawekwa kwenye jumba zuri lenye kibaraza kinachotazama kaburi la mkewe ng'ambo ya mto. Bwana Pratap alisema binti yake ndiye aliyekaa naye humo akimtunza mpaka alipokufa. Bibi aliegemea ukuta kwa muda mrefu.

"Heri yake," alisema. "Alipata mtu wa kukaa naye mpaka mwisho."

Hakuniangalia aliposema hivyo. Nikajiambia, haya, anakwambia wewe si huyo mtu. Machozi yakanijia, nikasingizia vumbi.

Asubuhi ya kwenda Jaipur mambo yalizidi kunichanganya. Bibi aliamka kabla yangu, akachemsha maji kwenye birika la hotelini, akanitengenezea chai. Mimi, nitengenezewe chai na Bi Rukia! Niliinywa yote, nikaenda kukiosha kikombe mwenyewe. Tulipofika mjini, kwenye maduka ya chini ya lile jumba la madirisha mengi ambamo wake wa mfalme walichungulia barabara bila kuonekana, aliingia dukani akachagua shali ya sufu, akaishika kwa vidole, akabishana bei kwa Kiswahili mpaka muuzaji akakubali.

"Ya mama yako hii," alinipa. "Utampelekea."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Kama nilikuwa na shaka, iliniisha hapo. Mtu hapewi zawadi ya mama yake kama hasafirishwi kwao.

Ngome ya Amber iko juu ya mlima nje ya mji, tukapanda kwa jipu. Kuna chumba kilichojaa vioo vidogovidogo mpaka darini. Ukiingia unajiona vipande mia. Kuna ua wenye vyumba vya wake kumi na wawili wa mfalme. Bwana Pratap alieleza kwamba ujenzi wake ulifanywa kwa ujanja, mfalme aweze kwenda kwa yeyote na wengine wasijue. Bibi alinitaka nimtafsirie vizuri, kisha akasema, "Mwambie walijua wote. Walinyamaza tu." Nilipomtafsiria, Bwana Pratap alicheka mpaka akashika masharubu. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa najifikiria mimi na Bibi, jinsi tulivyokuwa tukizunguka majumba ya watu, kila mmoja kimya na lake moyoni.

Kituo cha mwisho kilikuwa mbuga ya Ranthambore. Alfajiri kulikuwa na baridi ya kung'ata. Tulipandishwa gari la wazi pamoja na watalii wa Kizungu, tukaingia msituni. Tulipita tausi wakitembea njiani, paa wenye madoa meupe, na ngome nyingine tena, kuukuu, imekaa juu ya jabali miti ikiota kwenye kuta zake. Ghafla kima wakaanza kupiga kelele juu ya miti. Dereva akazima gari. Bwana Pratap akanong'ona kwamba kelele ile ni ya kuonyana kwamba chui milia yuko karibu. Watu wote wakaacha kupumua, simu juu.

Na hapo ndipo Bi Rukia alipoamua kuzungumza. Alinishika mkono.

"Mwanahawa, kwani mie nimekukosea nini?"

"Bibi, chui," nilinong'ona. "Tazama kule kwenye majani."

"Chui akae. Nakuuliza weye. Unaniacha?"

Nilidhani sikumsikia vizuri. Nikamwambia, "Si nyinyi ndio mnaonirudisha kwetu? Mmeshapata mwingine."

"Mwingine nani?"

"Yule nesi aliyepima bafu."

"Yule kaja kupima vyuma vya kushikia, nisianguke. Hivi sasa mafundi wanavunja vigae, ndio maana Salma katutoa nyumbani."

"Na pasipoti mliyonipa?"

"Sasa India ungeingia na nini, mwanangu? Na kanga?" Akanibana mkono. "Begi umeandika Tanga. Nimelisoma kwa macho yangu. Nikasema mtoto huyu kashachoka nami, n'takuwa naye siku hizi zilobaki, nisimlazimishe."

Watalii waligeuka kututazama. Bwana Pratap alikuwa ameweka kidole mdomoni, ananisihi kwa macho. Mimi nilikuwa nimeshikwa na kicheko na kilio kwa wakati mmoja, sijui kipi kitangulie. Nilipoinua uso, chui alikuwa ameshavuka njia. Niliona mkia, na mkia wenyewe nusu. Kwa hiyo mkiniuliza chui milia yukoje, waulizeni wale Wazungu.

Tuliporudi hotelini kunywa chai, nilidhani sasa mambo yamekwisha na moyo utatulia. Haukutulia. Bibi alitia sukari kwenye kikombe chake, akakoroga kwa muda mrefu, kisha akasema, "Haya, tushajua kuwa hakuna anayekufukuza. Basi weye mwenyewe unataka nini?"

Huwa naulizwa kama chumvi imetosha, kama Bibi ameshakunywa dawa, kama nguo zimekauka. Swali hilo lilikuwa geni kwangu kuliko kila ngome niliyoiona. Nikamwambia, "Sijui, Bibi." Akasema hakuna haraka.

Nililichukua swali hilo kwenye treni ya kurudi Delhi. Nilikuwa nalo kwenye ndege. Dubai tulipokewa na Madam Salma, na mama yake akamweleza kisa chote tangu maegesho hadi Mirdif, akiniigiza sauti, madam akacheka mpaka akafuta macho, kisha akaniambia pole, kwa kweli ilimpasa aeleze. Begi lilirudi chumbani kwangu. Pasipoti ikabaki kwenye mkoba wangu, hakuna aliyeidai nami sikuitoa.

Niliyojifunza India ni haya, na si mengi. Nilizunguka majumba ya wafalme nikisoma uso wa mtu mmoja, na kila nilichokisoma nilikisoma kinyume. Adabu yetu ni nzuri, lakini imetufanya mimi na Bibi tuagane safari nzima, na hakuna aliyekuwa akiondoka.

Wiki ile ya kurudi, nilikuwa namkausha nywele baada ya kuoga, ndipo jibu likaja lenyewe.

"Bibi, nataka kwenda kwetu nikamwone mama. Nikae naye mpaka nimshibe. Halafu nataka kurudi."

Nilimwona kwenye kioo, ameibana midomo.

"Na usiporudi?"

Ningeweza kumwapia. Ningesema inshallah, yakaishia hapo, kama ilivyo desturi yetu.

"Nisiporudi, nitakupigia simu nikwambie kwamba sirudi."

Bibi aliinamisha kichwa nimalizie nywele za kisogoni. Baadaye akasema, "Hilo n'nalitaka," na akamwita Salma aje anikatie tiketi.